Risaga ya Uji Kwenye Shimo la Dhahabu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikija kusahau jina langu sitaisahau. Ni siku niliyoambiwa kwamba lile Ziwa kubwa la Waluo, Ziwa zima pamoja na viboko vyake, lilikuwa limepenya chini ya ardhi mpaka kijijini kwetu chini ya miamba ya Manga, na sasa limelala pale likimngoja mjinga mmoja tu mwenye jembe alifungulie mlango. Nikaamini. Sikuamini nusunusu. Niliamini hadi kila asubuhi nikawa nalaza sikio ardhini kusikiliza mawimbi, na ninakuapia niliyasikia, tena siku nyingine nilisikia na watu wakipiga makasia.

Usicheke bado. Nafasi ya kucheka utaipata. Hata mimi niliipata, ila ilinichukua miaka mingi kuifikia.

Kwanza nikueleze habari ya shimo. Miaka ile wazungu walikuwa wameshikwa na homa ya dhahabu. Walisikia imeonekana kule Kakamega, basi kila mwenye sururu na kofia akawa anazunguka Nyanza yote akigonga mawe ya watu. Wawili wakafika kwetu na hema, na mbwa aliyelala kitandani kama mgeni wa heshima. Wakachimba kwenye mteremko juu ya kijiji, pale pale kijito chetu kilipokuwa kikishukia. Wakajenga ukingo mkubwa wa udongo kukizuia, maji yakaingia shimoni, wapate ya kuoshea mchanga wao. Yaliyozidi wakayachimbia mfereji upande wa pili, yakateremkia bonde la matete lisilo na mtu, yakawa yananufaisha vyura. Sisi wa chini tulibaki na mkondo wa mawe makavu.

Kisha asubuhi moja wakaondoka. Hawakuaga, hawakufukia kitu. Walituachia toroli lililovunjika, bomba la chuma, lundo la kokoto ambalo mpaka leo halioti jani, na lile shimo, limejaa maji mpaka mdomoni, pana kiasi kwamba ukimwita mtu aliye ng'ambo alikuwa anakujibu kesho yake.

Watu wakaulizana: kwa nini wazungu wakimbie namna ile? Aliyetupa jibu ni Ombati, jirani yetu, aliyewahi kuwabebea mizigo kwa muda mfupi na tangu hapo akawa msemaji wao. Ombati alikuwa mtu ambaye hata akipiga chafya lazima akueleze sababu.

"Mmeyachungulia yale maji?" akatuuliza.

"Yana nini?"

"Yana samaki."

Tukaenda mbio kuchungulia. Kweli, mwanangu. Kambare walikuwamo, weusi, wanene kama mkono wangu wa siku hizo, na sharubu kama za chifu. Sasa wewe fikiri. Kijito chetu tangu Mungu akiumbe kilikuwa na kaa na viluwiluwi tu. Samaki wa aina ile tulikuwa tumewaona sokoni peke yake, wamekaushwa, wameletwa na watu wa ziwani.

"Samaki hana miguu," Ombati akasema, mikono kiunoni. "Hakupanda mlima huu akitembea. Amekuja kwa chini. Wazungu wamechimba wakachimba mpaka wametoboa Ziwa. Walipomwona samaki wa kwanza, chai waliiacha ikitoa moshi."

Onsongo, mzee wa rika la baba yangu, mtu mpole anayependa kuelewa jambo, akauliza, "Mbona basi Ziwa lenyewe halijatoka?"

"Kwa sababu haya maji ya juu yamelikalia, Onsongo. Hiki ni kifuniko. Siku mtu akiyapunguza, kifuniko kimeondoka. Mtaogelea mpaka Nyamira."

Ungemjibu nini? Samaki walikuwa pale, wanatutazama.

Kuanzia siku hiyo tukaishi kama watu waliojenga juu ya sufuria inayochemka. Serikali ilikuwa inahimiza kila boma lichimbe choo. Tulichimba, lakini kwetu hakuna choo kilichozidi kina cha goti. Bwana afya alipokuja kukagua akashindwa kuelewa ni ugonjwa gani umetupata watu wazima. Hata nguzo za nyumba tulizifukia kidogo sana, na upepo ukaja kutuonyesha.

Lakini jambo zito halikuwa vyoo. Jambo zito lilikuwa maji, maana ya shimoni hakuna aliyethubutu kuyachota, asije akapunguza kifuniko. Mama yangu na wanawake wote wa maboma ya chini walikuwa wakiteremka na mitungi mpaka bonde la tatu, wakirudi jua limeshawachoma. Ng'ombe wetu walikonda mpaka ungeweza kuwahesabu mbavu ukiwa Keumbu. Migomba ilisimama kama watu waliofiwa. Na baba yangu, mtu asiyesema neno mara mbili, alisema neno lake.

"Mvua za kupanda wimbi zikikaribia na kijito hakijarudi, tunahama. Tutakwenda Kericho kwenye mashamba ya chai ya wazungu. Wanatoa chumba na unga."

Chumba na unga. Elewa vizuri, mwanangu, maana wewe umezaliwa ukiiona chai hii kuwa ya kwetu. Siku hizo kwenda Kericho na familia nzima maana yake ni kuacha makaburi ya wazee wako chini ya migomba mikavu na kwenda kulala kwenye safu ya vyumba vya mtu mwingine, ukiamshwa kwa kengele yake. Na ardhi ukiiacha misimu michache, ukirudi unamkuta jirani ameisogelea, na si kwa ubaya, ni kwamba tu jembe lake halikukuona. Baba alijua. Ndiyo maana alilisema akitazama pembeni.

Mama alikuwa kwenye jiwe la kusagia. Aliendelea kusaga, ila wimbi ya siku ile ilitoka laini kuliko poda.

Sasa nikueleze risaga, kwa sababu bila risaga nisingekuwa na hadithi ya kukupa. Risaga ni desturi yetu ya kufanya kazi kwa zamu. Majirani wote wa mtaa wanakwenda kwa mmoja wao, leo wanapalilia kwake, siku nyingine wanamjengea mwingine, na mwenye kazi anawapa chakula na pombe. Hakuna mshahara. Sheria ni moja tu, nayo haijaandikwa mahali: ukiitwa usiende, siku ya zamu yako utapalilia peke yako, na watu watapita njiani wakikusalimia kwa adabu sana. Adabu ile inauma kuliko fimbo.

Na kazi ikiisha, watu wakiwa wamekaa kula, yule ambaye zamu yake inafuata husimama akataja kazi yake. Siku ile tulikuwa kwa Onsongo, tumepalilia shamba lake mpaka likang'aa. Zamu iliyofuata ilikuwa ya mama. Kila mtu alijua atataja nini: kupalilia viazi, au labda kuezeka ghala. Mama akasimama, akajipangusa mikono.

"Kazi yangu iko shimoni," akasema. "Tutaziba mfereji wa wazungu na tutakata ule ukingo. Kijito kirudi."

Kuna mtu alikuwa na tonge mdomoni, nadhani mpaka leo hajalimeza.

Ombati ndiye aliyepata sauti kwanza. "Mama Mokaya, lile shimo si shamba lako. Risaga ni ya shamba la mtu."

"Ombati, maji yaliyokuwa yakipita shambani mwangu yako wapi?"

"Yako shimoni."

"Basi shamba langu liko shimoni."

"Na Ziwa?"

"Mimi sijaliita Ziwa. Nimewaita nyinyi. Ulipojenga nyumba yako, nani alikanda udongo?"

Ombati akatazama miguu yake.

"Na wewe Onsongo, leo tumelima kwa nani?"

"Kwangu, mama," Onsongo akajibu, kama mtoto aliyeulizwa katekisimu.

"Basi nimewaita. Pembe itapigwa Jumapili asubuhi." Jumapili, kwa sababu mama alikuwa amebatizwa Msabato mwaka ule, na Jumamosi asingeshika hata sindano.

Hapo Ombati akakumbuka jambo, akainua kichwa. "Wasabato hampiki pombe. Risaga hii tutakunywa nini?"

"Uji."

"Uji?" Ombati akawageukia wenzake. "Yaani tufe maji, tena tumeshiba uji?"

Watu wakacheka, na kicheko kile, nakwambia, kilikuwa cha watu waliokwisha kujua kwamba hawana pa kukimbilia. Upande mmoja kulikuwa na Ziwa. Upande wa pili kulikuwa na kupalilia peke yako maisha yako yote. Walipima pande zote mbili, na nikaona usoni mwao kwamba Ziwa lilikuwa jepesi.

Nyumbani baba alikuwa ameshapata habari. Habari kwetu haikuhitaji simu.

"Umewaita watu wakafe kwa zamu yako," akamwambia mama.

"Wewe ulisema tutahama."

"Nimesema. Na Jumapili hiyo hiyo naanza kufunga kuku."

"Basi wewe funga kuku. Mimi nasaga wimbi."

Na kweli kila mmoja akashika kazi yake. Chifu naye aliposikia alisema hajui chochote, na Jumapili ile akaenda kumtembelea shemeji yake, tena mbali.

Pembe ikalia asubuhi. Nikatoka na jembe langu nikidhani tutakuwa mimi na mama na dada zangu. Wapi. Walikuja, mwanangu. Walikuja kutoka juu na chini, wengine wamevaa nguo zao za kanisani ili kama ni kufa wafe wakiwa safi. Watoto, mbuzi na bibi vizee walikuwa wamepelekwa juu ya miamba ya Manga tangu alfajiri, wakatutazama kutoka kule kama watu wa mbinguni. Onsongo alikuwa na mlango wa mbao, mlango pekee wa mbao katika kijiji kizima, aliokuwa akijivunia kuliko ng'ombe zake. Aliung'oa akaja nao kichwani.

"Tata, huo wa nini?" nikamwuliza. Kwetu kila mzee wa rika la baba ni tata.

"Mbao huelea, Mokaya."

Ombati alikuja wa mwisho, amejifunga kamba kiunoni, ncha ya pili akaifunga kwenye mti mnene. Kamba ile ilimruhusu kufika kazini lakini haikumruhusu kufika penye uji, na jambo hilo baadaye lilimgharimu.

Mama akagawa kazi. Wanawake wakapeleka mawe na udongo kwenye mfereji wa wazungu, wakauziba. Sisi vijana tukawekwa kwenye ukingo wenyewe. Tulianzia chini, upande wa kijiji, tukichimba njia kuelekea majini, tukiacha kipande cha mwisho kisimame kama mlango uliofungwa. Hilo halikuhitaji shule. Kila mtu aliyewahi kutoa maji kwenye shamba la viazi analijua. Na tukaimba. Mtu akiwa anaimba meno hayagongani. Mimi nililima siku ile mpaka jembe langu likatoa cheche, na nilipoangalia nyuma nikaona nimechimba mahali pa watu kumi. Wengine watakwambia tulikuwa watu kumi. Usiwasikilize sana.

Jua lilipofika utosini kilikuwa kimebaki kipande kile tu, upana wake kama mkeka wa kulalia. Maji yalikuwa upande wa pili, yanapumua. Tukaacha kuimba. Kila mtu akajikuta ana kazi ya haraka mahali pengine. Mmoja alikwenda kunoa jembe. Mwingine akajichoma mwiba ambao hakuna aliyeuona.

Nikamtafuta mama kwa macho. Alikuwa ameshateremka. Alikuwa amesimama katikati ya mkondo mkavu, pale pale maji yatakapopita, ameshika chungu chake kitupu. Mbele yake mlima, nyuma yake kijiji. Akaniita kwa sauti ile ile ya kuniita nikale.

"Mokaya, piga."

Nikamwambia asogee.

"Nitasogea nikiyaona. Piga."

Nikainua jembe. Ninayo mengi ya kujisifu katika maisha yangu, utayasikia siku nyingine, lakini hakuna jembe zito nililowahi kuinua kama lile. Nikapiga. Udongo ukatoa jasho. Nikapiga tena, jasho likawa mkojo wa mtoto. Nikainua mara nyingine, na hiyo sikuimaliza, kwa sababu ukingo wote ulikohoa ukaniondoka chini ya miguu.

Mlio ule ulisikika Kisumu. Nilibebwa na maji mekundu kama damu ya fahali, kichwa chini miguu juu, nikimeza udongo wa kutosha kujengea jiko, na nikasikia sauti ya Onsongo ikipaa juu ya yote, ikiniita momura, yaani kijana: "Shika mlango, momura!" Akautupa. Ukanipita. Nikaufukuza mlango ule kwenye maji nikiwa nimesahau kabisa kwamba maji yenyewe yalikuwa yananifika kifuani, na nilipoushika nikajilaza juu yake, nikateremka kijijini kwetu kama mtu aliyekwenda kuchukua mke.

Mama alikuwa amesogea, hatua zile za lazima tu, akapanda ukingoni. Nilipompita alikuwa ameinama, anachota. Hakunitazama hata mimi mwanawe. Alikuwa anatazama chungu kikijaa.

Baba alikuwa nyumbani, amepiga magoti uani, anafunga miguu ya kuku. Alituambia alisikia mlio akadhani ni Ziwa, akafumba macho. Alipofumbua, kijito kilikuwa kinapita chini ya nyumba yake, mahali pake pa zamani, kikibeba majani na povu na matawi, na juu yake mtoto wake mkubwa amelala kwenye mlango wa Onsongo. Baba alitutazama, mimi na kijito, kwa zamu. Kisha akaanza kuwafungua kuku. Mmoja baada ya mwingine, taratibu, na alipomwachia wa mwisho akakaa chini akafunika uso kwa mikono yote miwili. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo kabla, wala baada. Kericho hatukuisikia tena nyumbani mwetu.

Watu waliteremka wakipiga vigelegele, na wale wa miamba ya Manga wakajibu kutoka juu, mpaka ukadhani kila mlima unaoa. Uji ukanywewa. Ombati alikwamia mbali kwa kamba yake, fundo limelowa halifunguki, akawa anapiga kelele, "Nileteeni basi na mimi." Aliponyweshwa akaomba wa pili. Akasema uji ule una nguvu kuliko pombe ya mkewe, neno ambalo nalo lilimgharimu.

Lakini sisi vijana tulirudi juu na majembe. Si kifuniko kimeondoka? Tukasimama kwenye mdomo wa shimo tukilingoja Ziwa, tayari kulipiga likitoa kichwa. Maji yakapungua mpaka magotini. Tukaona tope, kiatu kimoja cha mzungu, gurudumu la toroli, na kambare wachache wakirukaruka. Ziwa halikuja. Jua likashuka, halikuja.

"Tope limeziba tundu," Ombati akatangaza. "Tumeliziba Ziwa, jamani. Tumelishinda."

Na hivyo ndivyo nilivyojua mimi, kwa miaka yote iliyofuata. Maji yalikuwa mekundu kwa siku kadhaa, mama akakataza mtu yeyote kuyanywa wala kunywesha mifugo mpaka yawe meupe, na yalipokuwa meupe tukapanda wimbi, tukapanda migomba hata ndani ya lile shimo lenyewe, na ndizi zake zilikuwa kubwa kiasi kwamba mkungu mmoja ulibebwa na watu wawili waliooana. Bomba la chuma tukalitundika kanisani likawa kengele. Bwana afya aliporudi, choo chetu kilikuwa kirefu hata akaogopa kukichungulia.

Miaka ikaenda. Vita vya wazungu vikaja vikapita. Mimi nikaoa, nikaingia darasa la ngumbaru jioni, nikajifunza kusoma na kuandika nikiwa na watoto wanaonicheka, nikahitimu, na kwa kuwa sasa nilikuwa msomi, hadithi yangu ya kulishinda Ziwa ikapata maneno mazuri zaidi. Nilikuwa naisimulia kila siku ya soko pale Keumbu, nikiuza ndizi. Siku moja akawa ananisikiliza mfanyabiashara mmoja wa kutoka ziwani, Odhiambo, mtu wa tumbo kubwa na kicheko kikubwa zaidi, mwenye maduka ya samaki wa kukausha, aliyekuwa amehamia mjini na familia yake. Nilipofika kwenye kambare, akaacha kutafuna muwa.

"Ngoja kwanza, ndugu yangu. Shimo hilo ni la wale wazungu wenye mbwa anayelala kitandani?"

"Ndilo."

"Wale kambare niliwaleta mimi."

Nikamwambia asinitanie.

"Sikutanii. Mimi ndiye nilikuwa mpishi wao. Maharagwe kila siku, maharagwe kila siku, mtu wa ziwani ataishije? Nilipokwenda likizo nyumbani nikawaleta wachache hai ndani ya debe la mafuta ya taa, na maji kidogo. Kambare hafi haraka. Nikawatia shimoni niwe navua Jumapili. Basi wakazaana."

"Na kwa nini wazungu walikimbia?"

"Walikimbia nini? Walifilisika. Dhahabu yote waliyopata isingetosha jino moja, tena la mtoto."

Akacheka mpaka akakalia gunia la mtu. Soko lote likacheka. Mimi nikasimama pale na ndizi zangu, nikitafuta Ziwa langu ndani ya moyo wangu, nikakuta halimo. Lakini Odhiambo alipopangusa machozi akaniangalia kwa namna nyingine kabisa.

"Hebu niambie," akasema. "Siku mnakata ule ukingo, mlikuwa mnaamini kweli kwamba Ziwa litatoka?"

"Wote."

"Na mkakata?"

"Tukakata."

"Basi mimi mtu wa ziwani nakwambia, ningekuwepo ningekimbia, na samaki ni wangu."

Nikapanda mlima kwenda nyumbani nikikimbia kama kijana. Nikamkuta mama anachambua mboga, nikamweleza habari ya debe. Alicheka mpaka mboga zikamwagika. Kisha nikamwambia jambo ambalo nilikuwa nalisema kila mahali, kwa watoto, kwa wageni, hata kanisani.

"Ndiyo maana hukuogopa, mama. Wewe ulijua tangu mwanzo kwamba Ombati anapayuka."

Akaacha kucheka.

"Nani alikwambia sikuogopa?"

"Ulisimama katikati ya mkondo."

"Nilisimama pale kwa sababu watu wale niliwaita mimi. Ziwa lingetoka, ilikuwa lazima linikute mimi kwanza. Ningewezaje kuwatazama mama zao?" Akaokota jani moja moja akilirudisha ungoni. "Niliamini kila neno la Ombati, Mokaya. Nilitetemeka mpaka chungu kikawa kinagonga mawe. Wewe hukusikia kwa sababu ulikuwa mbali."

Hayo ndiyo niliyotaka kukupa, mwanangu. Wapo watu watakaokuja kuchimba, wachukue walichokifuata au wakikose, kisha waondoke bila kufukia. Watakuachia shimo, na shimo likikaa muda litazaa maneno. Ukisikia maneno hayo, mtafute aliyekuwepo yalipoanza umwulize, hata kama yuko Keumbu na wewe uko Manga, hata kama ni mtu wa kabila lingine. Sisi tuliteseka kwa kiu kwa sababu hakuna aliyefikiria kumtafuta mpishi. Lakini kama wa kuulizwa haonekani na watu wako wanafunga kuku wahame, usikae ukingoja hofu yako ikauke. Waite majirani uliowatumikia kabla hujawahitaji. Watakuja hata na mlango kichwani. Na ukishawaita, usiwasimamie kwa juu. Shuka wewe pale maji yatakapopitia.

Nenda basi. Mungu akupe majirani wasiokataa uji wako, mikono isiyoachia mpini, na kijito cha kupita chini ya nyumba yako mpaka wajukuu wa wajukuu zako wachote. Na siku utakayotetemeka, asiwepo wa kukusikia ila Yeye.